Usiifute Ile "Sijui"

Nyangeta mwanangu,

Ukiona herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, usidhani mama yako amelewa. Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya plasta, umelazwa juu ya mto kama mgeni wa heshima, na unauma kila nikicheka, kwa hiyo leo sijacheka. Wewe uko Musoma mjini unaaga rafiki zako na kuchukua tiketi; kesho alfajiri basi litakubeba kwenda Dodoma kuanza kazi. Habari za chakula cha njiani, za blanketi, za kumpigia shangazi yako ukifika, umeshaambiwa na kila mwenye mdomo hapa Butiama. Sitaongeza lolote. Nina neno moja tu, na sitalisema haraka, kwa sababu nina hasira, na hasira yangu unaijua: ikitangulia, huvunja vyombo.

Jana jikoni, ukimenya ndizi, uliniambia: "Mama, mkuu wangu mpya amepiga simu. Anasema nikifika, kazi ya kwanza ni kuiondoa ile sehemu ya programu inayosema sijui."

"Nawe umemjibuje?"

"Nimemwambia nitaiondoa." Hukuinua macho. "Nimechoka na damu, mama. Wewe hujachoka?"

Kisha uliutazama mkono wangu, nami nikanyamaza. Walionijua chuoni wasingeamini. Hili ndilo jibu langu, na nitalianzia mbali, ili hata mwanao akiisoma barua hii siku moja asilazimike kumuuliza mtu.

Mimi ni katibu wa ushirika wetu mdogo wa wafugaji. Ng'ombe wetu huvishwa hereni zenye namba, na siku ya mnada karani husogeza mashine kwenye sikio la ng'ombe, kompyuta, kwa orodha iliyohifadhiwa ndani yake, ikatuambia kama ng'ombe ni wa aliyemleta au ametangazwa kuwa ameibwa. Taa ya kijani, taa nyekundu. Wengine walitengeneza mashine, wengine programu kubwa. Wewe ulipewa kazi ambayo hakuna aliyeiona kuwa kazi: vile vipande vifupi vya programu mnavyoviita fanksheni saidizi, vinavyofanya kazi nyuma ya amri moja. Karani anafungua skrini nyeusi isiyo na picha, anaandika neno "kagua", na skrini inamjibu kama programu ni ya toleo la karibuni au imepitwa na wakati. Kipande cha kwanza kinauliza seva toleo la karibuni ni lipi. Cha pili kinalinganisha toleo hilo na lililopo. Cha tatu kinatoa jibu. Nakumbuka ulivyocheka ulipogundua kwamba kompyuta, ukiiachia isome matoleo kama maneno, huapa kuwa la kumi ni dogo kuliko la tisa kwa kuwa linaanza na moja. "Ina akili za mwenyekiti wenu," ulisema, na mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale sebuleni anakunywa chai yetu.

Nilijivunia vipande vile kuliko shahada yangu. Ndiyo, niliiringia kazi yako mnadani, na kuringa huko ndiko kulikonipeleka mahali nilipofika.

Umezaliwa humu, unajua mwano ni nini. Mtu akipiga yowe la ng'ombe kuibwa, kila mwenye miguu hutoka na fimbo, na anayefika lazima apige. Anayesimama mikono mitupu hugeuziwa macho: mbona hupigi, ni ndugu yako? Damu hugawanywa kama nyama ya sherehe, kila mmoja apate kipande chake, ili kesho asiwepo wa kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Watu wapole, watu wanaowabeba wazee wao mgongoni kuwapeleka zahanati, wanafanya hivyo na jioni wanakula. Nami, mwanamke mwenye shahada, nikaenda nikaupa mwano kipaza sauti.

Kuhusu vipaza sauti mimi si mgeni. Tulipogoma chuoni nilisimama juu ya meza ya bwalo, nikasema, na mabweni yakamwagika barabarani. Askari walitupokea kwa virungu na moshi. Jino hili la mbele la bandia ni la siku ile, na silijutii hata nikipiga mswaki. Lakini pale juu ya meza nilijifunza jambo lililonilevya: umati hauombi hoja, unaomba kitenzi. Upe kitenzi, utakwenda. Hakuna profesa aliyenifundisha hilo, na hakuna aliyenionya.

Sasa Mafuru. Alitoka Mugango na mtamba mweusi, akitaka kumbadilisha na maksai wa kulimia. Karani alisogeza mashine sikioni, taa ikawaka nyekundu. Ningeweza kumwita Mafuru pembeni, nimuulize kama mtu anavyomuuliza mtu. Nilikuwa na kipaza sauti. Nikasema kwa sauti ile ile ya mezani: "Mtamba huyu ameibwa Bunda, na aliyemleta ni huyu hapa." Ilikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa na mizani.

Mafuru alicheka. "Katibu, acha utani. Huyu nimemzalisha mwenyewe. Mama yake nilikuwaga namkamua mimi."

"Wezi wote wanakamuaga," mtu akadakia nyuma, na watu wakacheka.

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni kabla hajafumba kicheko chake. Nilisikia taya likilia kama tawi kavu. Alianguka kwa magoti, akainua mkono, na mkono ule ukapigwa mpaka ukageuka upande ambao mkono haugeuki. Mtu ambaye Jumapili huimba besi nyuma yangu kanisani alirudi hatua moja ili apate nafasi, kisha akalipiga teke jicho la Mafuru. Wengine walipiga na kuondoka, haraka, kama watu wanaotia sahihi. Nikapaza sauti: basi, acheni, basi. Sauti yangu ilitoka kwenye kile chombo kubwa na kavu, kama ya mtu anayeshangilia. Wapo walionitazama wakitabasamu, wakaongeza. Kilichomwokoa Mafuru si mimi. Ni ng'ombe, walioshtushwa na harufu ya damu, wakakata kamba na kupita katikati ya watu kwa pembe zao. Umati ulipokimbia, alibaki peke yake mavumbini, akipumua kupitia shimo ambalo asubuhi lilikuwa uso.

Mtamba alikuwa wake. Walipomsoma tena Bunda, ambako mtandao una nguvu, namba ilionekana nzima. Programu ya zamani ilikuwa ikikata sifuri za mwanzo wa namba, kwa hiyo ng'ombe wawili wakasomeka kwa namba ile ile. Toleo jipya lilikwisha kurekebisha kasoro hiyo. Karani wetu alilia kama mtoto. "Mimi asubuhi niliandika kagua," alisema. "Iliniambia nina toleo la karibuni. Nitafanyaje, nibishane nayo?"

Na kweli ilimwambia. Kesho yake ulikaa sebuleni na kompyuta mapajani, nami nimesimama nyuma yako, ukanionyesha kwa kidole. Kipande cha kuuliza seva kilikosa mtandao. Wewe, ukijua mtandao wa mnadani ni wa kubahatisha, ulikuwa umekiagiza: ukikosa jibu, rudisha namba ya toleo lililopo. Kipande cha pili kikalinganisha toleo lililopo na lenyewe. Yakalingana, yangeachaje kulingana? Cha tatu kikaandika kwa adabu zake zote: Una toleo la karibuni.

"Kwa nini uliiandika hivyo?" nilikuuliza.

"Sikutaka iwasumbue watu. Na ilibidi ijibu kitu, mama."

Ilibidi ijibu kitu. Nilikwenda uani nikashika ukuta. Ulidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nimeitambua sauti, Nyangeta, ilikuwa yangu.

Wewe huenda umesahau, ulikuwa bado una meno ya utoto. Nilikuuliza Mto Mara unamwaga maji yake wapi, ukasema hujui. Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku. Nilikuwa nimeliona likitumiwa na waoga wa kila cheo, na wakubwa tuliowauliza mwenzetu aliyekamatwa kapelekwa wapi, na nikaapa kwamba mtoto wangu hatalitamka. Nikakusimamisha karibu na mlango mpaka utoe jibu. Marehemu baba yako akasema, "Mwache mtoto, hata mimi sijui." Nikamjibu, "Ndiyo maana hukumaliza chuo." Alitoka nje. Wewe ukasimama, na mwishowe ukasema: Ziwa Tanganyika. Ulisema kwa sauti kubwa na kidevu juu. Nami nikakupa kiti. Nikakupa na kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yangu, nikasema afadhali kukosea kwa ujasiri kuliko kujua kwa woga.

Hicho ndicho nilichokufundisha, mwanangu. Si kusema uongo. Ningekuchapa kwa uongo. Nilikufundisha kwamba kukosa jibu ni aibu, na jibu lolote ni kiti. Ukakua, ukawa hodari, ukaandika fanksheni, na fanksheni ile ilipokosa jibu ilifanya kama mtoto aliyesimamishwa mlangoni.

Kwa hiyo uliposimama kwenye mkutano wa ushirika na kusema "Kosa ni langu peke yangu", nilitamani kukuvuta gauni ukae. Mke wa Mafuru alikuwepo, amembeba mtoto. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. "Mtoto aliandika," akasema. "Wewe ulitangaza." Akakaa. Hapakuwa na hotuba ndefu kuliko ile maishani mwangu. Nimekwenda Mugango mara nyingi tangu hapo. Mafuru hula uji kwa kijiko kidogo, na hugeuza kichwa chote kunitafuta kwa jicho lililobaki. Hajawahi kunifukuza. Ningependa anifukuze.

Ulirudi kwenye kazi yako, ukaifumua. Ulichoandika safari hii kilikuwa kifupi kuliko vyote: seva isipojibu, skrini iseme, Sijui, sijapata mtandao, mashine haitasoma hereni mpaka nijue. Na ikajifunga. Mwenyekiti alipoiona alishika kiuno. "Katibu, tumeleta mashine au tumeleta mtoto mtoro wa shule?" Wenzake wakacheka. Nilikutetea kwa dakika nyingi kuliko zilizohitajika, maana ndivyo nilivyo, na ikapita.

Kisha ukaja mnada uliopita. Wewe hukuwepo, umesikia kutoka kwa watu, na kila mtu ana yake. Sikia yangu.

Masatu wa Bugwema alileta madume wawili. Mtandao haukuwepo. Karani akaandika kagua, skrini ikajibu: Sijui. Nikatangaza kwamba tutasubiri.

"Tusubiri nini?" mzee mmoja akauliza. "Huoni ubavuni? Chapa imechomwa juu ya chapa nyingine."

"Msomi, mashine yako imelala, iamshe."

"Haijalala, inamwogopa shemeji yake, Masatu."

"Kama yenyewe haijui, sisi tunajua."

Mtu akapiga yowe. Ulikuwa mwano wenyewe, wa koo tupu, na nikaona fimbo zikiinuka pale pale nilipoziona zikiinuka juu ya Mafuru. Masatu hakucheka. Alijikunja kabla hajaguswa, kama mtu anayeijua kazi hiyo. Nikainua kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawa sina kitenzi cha kuwapa. Nikasema, "Hatujui." Nikarudia, "Hatujui." Ni hotuba mbovu kuliko zote nilizowahi kutoa hadharani. Haikumsimamisha hata mmoja. Basi nikakitupa kile chombo, nikapita kati yao, nikasimama juu ya Masatu miguu yangu ikiwa huku na huku ya kichwa chake.

"Toka, mama, tutakuumiza."

"Mpige na huyo, kumbe ni mke wake." Wakacheka, mwanangu. Fimbo zikiwa juu, wakacheka.

Sitakuficha kilichofuata kwa kuwa unaondoka. Ya kwanza ilinipata begani. Ya pili niliikinga kwa mkono, na mfupa ukakatika; mlio ulinifikia kabla ya maumivu, na katika nafasi ile fupi nilipata muda wa kumtambua mpigaji. Niliwahi kumwandikia mtoto wake barua apokelewe sekondari. Na yeye alinitambua. Akapiga tena, mgongoni, kwa sababu alikuwa ameshaanza. Chini yangu Masatu alikuwa ameshika kifundo cha mguu wangu kwa mikono yote miwili, akinong'ona jina la mama yake, na damu ya kichwa chake ilikuwa ikijaa kwenye kiatu changu, ya moto. Niliuma mtu. Sijui nani. Nilipiga kelele maneno ambayo katibu hapigi.

Karani, yule aliyelia, alikuwa amekimbia na kompyuta na mashine mpaka kilimani kutafuta mtandao. Akaupata. Akapakua toleo jipya, akarudi akihema, akawaomba njia kwa kuwapiga viwiko, akasogeza mashine kwenye sikio la dume. Fimbo zilisimama hewani, si kwa huruma. Walitaka kuona rangi. Taa ikawaka nyekundu. Nyekundu ya kweli safari hii. Madume walikuwa wameibwa Kiabakari, mwenyewe alikuja kuwachukua jioni ile ile, na Masatu hakubisha. Alikwenda polisi akiwa hai, kichwa kimepasuka, macho yake yote mawili yakiwa mahali pake.

"Si tulikwambia?" walisema waliponibeba kunipeleka hospitali, walewale, kwa upole, wakinishika vizuri nisitikiswe na gari. Mwenyekiti alikuja na machungwa. "Katibu," akasema, "umeutoa mkono wako kwa mwizi." Habari ikafika Dodoma, kwa wakuu wako wapya wenye programu ile, na Dodoma wakaamua kwamba shida ni lile neno.

Kwa hiyo hoja yako ya jana ni nzuri. Iliposema "una toleo la karibuni", Mafuru alipigwa. Iliposema "sijui", nilipigwa mimi. Na watu walikuwa sahihi kuhusu Masatu. Ninaichukia hoja hiyo kwa sababu ni nzuri, na kwa sababu imetoka kwenye mapenzi. Unataka kuifuta ili mama yako asisimame tena mahali pale. Lakini usinifanye mimi kisingizio cha mkuu wako. Yeye anataka mnada usikwame. Wewe unataka mkono wangu upone. Mtaufuta mstari ule ule kwa sababu mbili tofauti, na atakayelala mavumbini hatajua ni ipi iliyomwangusha.

Masatu ni mwizi. Atasimama mbele ya hakimu, na akionekana na hatia atafungwa, na mimi nitasema amestahili. Lakini wakati fimbo zinainuka sikujua, karani hakujua, na wale waliokuwa wakipiga hawakujua. Walibahatisha, kama nilivyobahatisha kwa Mafuru, na safari hii bahati ikawaangukia. Mtu akikuambia kwamba kubahatisha kukitoa jibu sahihi kunageuka kuwa kujua, mwambie aende Mugango akamtazame Mafuru anavyokunywa uji. Mwambie kwa sauti, na usisubiri akupe kiti.

Watakuita mgumu. Watakuambia watu wa vijijini hawapendi kusubiri, kama vile wao wanatupenda kuliko tunavyojipenda. Watakuambia neno lile linaonyesha udhaifu wa programu. Nimeishi na hofu hiyo tangu ujana wangu, nimeivalisha majoho ya ujasiri, nimeipandisha juu ya meza na kuipa kipaza sauti, na nakuambia ni hofu tu. Je, nilifanya sawa kumkinga Masatu kwa mwili wangu, nikiwa na wewe wa kukuacha? Sijui. Tazama, nimeiandika, na nyumba haijaanguka.

Sikuombi uahidi. Ukifika Dodoma utakuwa peke yako na ile skrini, na hapa kwetu hakuna awezaye kuifungua programu akaona umeacha nini na umefuta nini. Mnada ujao nitakuwepo, plasta ikiwa imetoka au haijatoka. Karani ataandika kagua. Mtandao unaweza kukosekana. Skrini ikisema haijui, nitasimama na neno hilo kama nilivyosimama, na yatakayonipata ni yangu. Ikisema una toleo la karibuni, sitaiuliza mara mbili, kwa sababu imeandikwa na mwanangu. Nitaiamini. Na taa ikiwa nyekundu, nitamtazama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe, nitainua kipaza sauti kwa mkono huu wa kushoto, na nitatangaza.

Mama yako,
Butiama